Mpishi wa Mabango ya Sinema

Saa moja asubuhi, Sulabha Mestry yuko juu ya ubao, futi kumi na mbili kutoka ardhini, anapiga kamba. Kamba imechovywa kwenye buluu ya kufulia. Anaivuta, anaiachia, inalia pa! juu ya kitambaa cheupe na kuacha mstari ulionyooka. Anasogea, anavuta tena. Kila mstari una mwenyewe.

"Huu wa Kirtane," anasema. Pa! "Huu wa mpwa wake." Pa! "Na huu wa yule bwana wa chumba namba nne, Mungu ampe kuwashwa mahali asipopafikia."

Kitambaa kina futi thelathini kwa ishirini. Kimefunika ukuta mzima wa ua wa karakana ya marehemu baba yake, hapa Parel, Mumbai. Bado hakina picha, kina miraba ya buluu tu. Lakini kona ya chini, upande wa kulia, pana herufi nyekundu kubwa zilizokwisha kukauka: Sulabha Mestry.

Anayeijua kazi hii lazima ashtuke. Mchoraji wa mabango ya sinema hutia jina mwisho kabisa, macho yakishapakwa na ngazi ikikaribia kuondolewa. Nimeishi mji huu miaka kumi na tisa, na sijapata kuona jina limetangulia sura.

"Mbona umeanza na jina?" namuuliza.

"Kwa sababu nikilingoja mwisho, kuna mtu atakuja kuniondolea ngazi."

Hatanii. Alishaondolewa.

Jumatatu ijayo, saa nne asubuhi, Sulabha ana miadi katika ofisi ya viza ya nchi moja ya kaskazini mwa Ulaya. Amealikwa kwenye tamasha la kiangazi ambako watu wa kule hukusanyika siku nne kutazama filamu za Kihindi, kusikiliza muziki wake, kucheza dansi yake, na kuona bango likichorwa kwa mkono mbele ya macho yao. Barua ya mwaliko inasema ni mchoraji. Kompyuta ya ofisi ya viza inasema ni mpishi. Wakiamini kompyuta, haendi.

Ubaya ni kwamba kompyuta ina ushahidi.

"Nimekwenda kule mara tatu, zote kama mpishi," anasema akishuka ngazi taratibu, goti la kushoto likimsumbua. "Fomu tatu, saini zangu tatu. Usiandike kwamba nilidanganywa. Kusoma najua. Nilisoma, nikatia saini."

Ana miaka hamsini na minane. Aliingia karakana hii akiwa na miaka kumi na mmoja, akiosha brashi kwa mafuta ya taa. Humu ndani kupanda cheo kulikuwa na utaratibu wake. Kwanza alipewa nguo za waigizaji, akazipaka miaka minne. Kisha akapewa nywele, kisha masikio. Alipofika miaka ishirini na sita, baba yake, Dattaram Mestry, alimpa pua ya jambazi wa filamu fulani, akasimama nyuma yake siku nzima bila kusema neno.

"Jioni akaniambia, 'Huyo anapumua.' Basi. Hakunisifu tena mpaka anakufa."

Baadaye mikono ya mzee ilianza kutetemeka. Kwa miaka kumi na sita Sulabha ndiye aliyepaka sura zote, akianza na vivuli vya kijani na buluu, kisha nyekundu, kisha manjano, na macho mwisho. Kona ya bango iliendelea kuandikwa D. Mestry. Hilo halikumuuma, anasema, kwa sababu lilikuwa jina la karakana. Hata aliyepaka vifungo vya shati alijijua yumo ndani ya jina lile.

Na mabango hayo yako wapi? Hapa ndipo penye kisa chote.

Hayapo. Filamu mpya huanza Ijumaa. Kwa hiyo kila Alhamisi bango la zamani lilishushwa, likapakwa chokaa iliyochanganywa na gundi, likawa jeupe, likachorwa upya. Kitambaa ni ghali, nani angekitupa? Kitambaa kimoja kilibeba filamu thelathini, moja juu ya nyingine. Mzee Dattaram alijivunia jambo hilo. Alikuwa akikigonga kitambaa kwa vidole na kusema, sikia kilivyo kizito, wote wamelala humu.

Hakuna aliyepiga picha. Kamera ilikuwa ya harusi.

Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Karakana ya watu kumi na wanne ikabaki na mtu mmoja. Sulabha alipaka milango ya maduka, kuta za shule, migongo ya bajaji. Mwezi mzuri humpa rupia elfu kumi na moja, mwezi mbaya elfu saba, na kodi ya chumba ni elfu sita mvua inyeshe isinyeshe. Mumewe alifariki zamani. Hali hiyo ndiyo aliyomkuta nayo Jayant Kirtane.

Kirtane ana kikundi kinachopeleka sanaa ya sinema ughaibuni: wanenguaji kumi na wawili, wapiga ngoma na tarumbeta, na mchoraji wa mabango. Ni mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno laini. Alimwambia Sulabha kwamba nafasi ya mchoraji imeshajaa, lakini ya mpishi iko wazi, na kwamba mpishi akipata muda anaweza "kusaidia kidogo" kwenye bango. Malipo yalikuwa rupia elfu thelathini na tano kwa safari.

Aliyekuwa ameijaza nafasi ya mchoraji ni mpwa wa Kirtane, Omkar, mwanamume mzima wa miaka thelathini na minne, mrefu, ndevu nzuri. Sasa msomaji kaa vizuri. Omkar amesomea hoteli, na cheti chake ni cha upishi.

Ndiyo. Mpishi mwenye cheti alikwenda kama mchoraji, na mchoraji mwenye uzoefu wa miaka arobaini na zaidi akaenda kama mpishi. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilicheka. Nikaona Sulabha hacheki, nikaacha.

Kazi ilikuwa hivi. Alfajiri Sulabha aliwapikia watu ishirini na wawili chai ya tangawizi na wali wa kupondwa wenye vitunguu na karanga. Kisha alipanda ngazi na kuchora mpaka saa nne kasorobo, kabla lango halijafunguliwa. Wageni wakiingia, yeye alikuwa jikoni anakatakata nyanya, na Omkar yuko mbele ya bango na kilemba cha hariri, brashi safi mkononi.

"Nilimruhusu aguse ndevu za shujaa tu," anasema Sulabha. "Nilimwambia, bwana, ngozi usiguse, utaniulia mtu."

Anayemcheka hapo pembeni ni Mehrunissa Contractor, kiongozi wa wanenguaji, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja aliyecheza nyuma ya waigizaji wakubwa miaka mingi bila jina lake kuandikwa popote. Wanenguaji wote humwita Sulabha "Tai", yaani dada mkubwa. Mehrunissa humwita shoga.

"Na hata ndevu zenyewe alizichafua," anasema Mehrunissa. "Shujaa akawa kama aliyekula supu bila kijiko."

"Wewe si ulikuwa unampigia makofi?"

"Nilikuwa nalipwa kupiga makofi, shoga. Kama wewe ulivyolipwa kukaanga vitunguu."

Maneno hayo yamegusa mahali.

Katika safari ya kwanza Sulabha alifanya kosa ambalo wenyeji wa mji ule bado wanalisimulia. Tamasha lilikwisha siku ya Alhamisi. Watu wakaondoka, muziki ukazimwa, naye akafanya alichofanya kila Alhamisi ya maisha yake. Alikoroga chokaa na gundi, akapanda ngazi, akalifuta bango lote. Hakujua kwamba mji ulikuwa umeshaliomba ulitundike kwenye maktaba yake.

Kirtane alikuja mbio, koti mkononi. "Una wazimu? Unafanya nini?"

"Leo Alhamisi, tajiri," Sulabha akamjibu, akishangaa kuulizwa.

Mwenyeji wao, mama mmoja mwembamba aitwaye Marit, alisimama pale chini akilia. Sulabha alidhani amefiwa.

"Nilimwonea huruma," anasema. "Sikuelewa. Mtu analilia bango? Nikamwambia Mehru amwambie, mama usilie, kitambaa kiko palepale."

Tangu siku hiyo Kirtane alimkataza kugusa chokaa ila kabla ya kazi, na akamfanya kichekesho kwa kila mgeni: mpishi wetu, ukimwacha peke yake anafua hata picha. Watu walicheka. Sulabha naye alikuwa akicheka, kwa adabu. Hilo ndilo linalomchoma leo kuliko yote. Anasema angekuwa na uwezo wa kukirudia kicheko kile, angekitema.

Safari ya tatu ilikuwa Agosti iliyopita. Jumamosi, saa tisa mchana, uwanja umejaa. Sulabha alikuwa amebeba birika la chai kwa wapiga ngoma. Omkar alikuwa akihojiwa na watu wa televisheni mbele ya bango alilochora Sulabha kwa asubuhi tatu, sura ya mwanamke mwenye kipini, futi kumi na moja kutoka paji hadi kidevu.

"Alikuwa anaongea Kiingereza cha haraka, maneno mengi yalinipita," anasimulia. "Lakini nikasikia 'Dattaram Mestry'. Nikasimama. Akaunyanyua mkono wake wa kulia, akalitaja tena: Dattaram Mestry. Nikamuuliza Mehru, anasema nini huyu?"

"Nikamwambia ukweli," anadakia Mehrunissa. "Anasema mzee Dattaram aliushika mkono wake huo akamfundisha sura."

Mzee Dattaram alifariki miaka tisa kabla Omkar hajauona mlango wa karakana hii.

Sulabha aliweka birika chini. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na ndoo ya chokaa iliyobaki siku ya kuandaa kitambaa. Aliichukua, akachukua brashi pana, akapanda ngazi mbele ya kamera, sari imekazwa kiunoni na aproni ya jikoni juu yake. Akaanza na paji la uso.

Kirtane alikuwa chini akipiga kelele. "Tai! Tai, unafanya nini?"

"Leo Alhamisi!"

"Leo Jumamosi!"

"Kwangu mimi ni Alhamisi!"

Alipaka macho. Alipaka pua, kipini, midomo, kidevu. Watu wakadhani ni sehemu ya onyesho, wakashangilia. Alipomaliza alishuka, akamfuata Omkar, akamwekea brashi kiganjani.

"Haya, baba. Mkono si ndio huo alioushika mzee? Paka."

Omkar aliitazama brashi. Akamtazama mjomba wake. Akasema mwanga si mzuri.

Mehrunissa aliwageukia wapiga ngoma, akanyanyua mkono. "Jamani kimya kidogo. Mchoraji anafikiri."

Uwanja ukatulia. Nimeitazama video ya dakika ile mara nyingi, iliyopigwa kwa simu na mmoja wa wanenguaji. Omkar anafuta jasho kwa ile hariri ya kilembani. Hakuna anayemsaidia. Kisha anaiweka brashi juu ya kiti, polepole, na kuondoka kuelekea jikoni.

Chokaa ilikauka kwa jua. Sulabha alipanda, akachora sura ileile upya kwa saa mbili na robo, wanenguaji wakicheza chini yake na ngoma zikimfuata mkono. Watu hawakuondoka. Bi Marit alikuwa mstari wa mbele. Sulabha alipotia nukta nyeupe ya mwisho kwenye jicho la kulia, uwanja ulilipuka.

Alibakiwa na kona. Alishuka kubadili rangi achukue nyekundu. Alipogeuka, ngazi haipo. Kirtane alikuwa ameamuru iondolewe, kwa usalama, ati kanuni za kule haziruhusu mpishi kupanda ngazi.

Hivyo sura ile imetundikwa leo kwenye maktaba ya mji ule, haina jina. Kitabu cha tamasha, ambacho kilikwisha kuchapwa, kina picha ya Omkar na brashi yake.

Nilimpigia simu Bwana Kirtane ili naye aseme lake. Hakukana.

"Ndugu mwandishi, wewe ni mtu mzima," aliniambia. "Watu wa kule wanataka kuona kitu. Nikiwapandishia ngazini mama mwenye magoti mabovu, akidondoka, gharama atalipa nani? Nimemlisha yule mama. Nimempandisha ndege mara tatu. Angepandishwa na nani?"

Nikamuuliza kama atamwandikia barua ya kuthibitisha kuwa ni mchoraji.

"Ili nikiri kwamba nilidanganya kwenye fomu? Hapana, asante."

Akakata simu. Nikayaandika maneno yake kama alivyoyasema. Nimemlisha, nimempandisha! Watu ishirini na wawili walilishwa na mama huyu, na yeye ndiye wa kuambiwa amelishwa.

Januari hii Kirtane alimwondoa kikundini. Machi ikaja barua ya Bi Marit, iliyotumwa kwa jina la Sulabha mwenyewe. Alimwalika peke yake. Nauli juu yao, malipo juu yao, na sharti moja alilolipigia mstari: atie jina lake, kwenye bango jipya na kwenye lile la maktaba.

Basi mwezi uliopita akaenda ofisi ya viza, chumba namba nne, ghorofa ya pili. Ofisa alikuwa mpole, anasema, na upole wenyewe ndio uliomtia hasira.

"Akaniambia, mama, mara tatu umetuambia wewe ni mpishi. Leo unatuambia ni mchoraji. Moja ni uongo. Nikamwambia, yale matatu ndiyo uongo. Akasema, basi niletee uthibitisho. Cheti cha chuo. Sina. Barua ya mwajiri. Sina. Picha za kazi zako za miaka ya nyuma. Nikamwambia zimepakwa chokaa. Akauliza, zote? Nikasema zote. Akauliza, nani alizipaka? Nikasema mimi."

Video ya simu nayo? Aliwapelekea. Wakamjibu kwamba inaonyesha mwanamke aliyevaa aproni.

Aliporudi nyumbani siku hiyo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hapa uani, akamlaani baba yake kwa mara ya kwanza maishani. Alimlaani kwa Alhamisi zake. Miaka yote ile, sura zaidi ya elfu moja kwa hesabu yake mwenyewe, na hakubakiwa hata na sikio la kumwonyesha karani.

"Kisha nikakumbuka kitu," anasema. "Nilipokuwa mle chumbani, dirisha lilikuwa na pazia, limeshushwa kwa ajili ya jua. Nikachungulia pembeni yake. Unajua kuna nini ng'ambo ya barabara?"

Najua. Kuna ukuta wa sinema kuukuu iliyofungwa, na ile fremu ya chuma ambayo mabango ya karakana hii yalitundikwa kwa miaka thelathini. Mwenye sinema, mzee Framroze Daruwala, hakumuuliza swali alipomwomba. Alimpa ufunguo na kikombe cha chai. Alisema tu kwamba fremu amempa mpaka Alhamisi, kwa sababu Ijumaa kampuni ya simu inaleta bango lake la plastiki.

Ndicho kitambaa hiki ninachokitazama. Kufikia saa sita mchana miraba imejaa mkaa, na sura imeanza kutokea. Ni yake mwenyewe, miwani na yote, mkunjo wa kati ya nyusi haukupunguzwa. Mkono wa kushoto umeshika upawa, wa kulia umeshika brashi. Juu, kwa Kimarathi na kwa Kiingereza, kwa herufi za futi tano zilizokatwa kama za filamu ya kisasi, kutaandikwa neno moja: MPISHI.

"Omkar humweki?" Mehrunissa anamchokoza. "Hata pale chini, kadogo?"

"Masikio yangu mawili yameshajaza nafasi."

Anapanda tena. Anachanganya kijani na buluu, anaweka kivuli cha kwanza chini ya shavu. Kwa karibu ni doa tu. Narudi nyuma mpaka mgongo wangu unagusa ukuta wa jirani, na shavu linatoka kwenye kitambaa.

Jumatatu alfajiri bango litapandishwa kwenye ile fremu. Saa nne ataingia chumba namba nne bila cheti na bila barua ya mwajiri, na hatabeba hata karatasi. Kama ofisa atasema hapana, anasema, atakwenda mwakani, na kama mwakani hapana, mwaka unaofuata, lakini fomu ya mpishi hataitia saini tena hata wampe ndege nzima.

"Akiniuliza uthibitisho uko wapi, nitamwambia kitu kimoja. Bwana, tafadhali, fungua pazia."

Nafunga daftari langu. Mlangoni nakumbuka ile kampuni ya simu na bango lake la plastiki, na ndoo ya chokaa niliyoiona imepinduliwa mdomo chini karibu na bomba. Namuuliza kwa sauti, kwa kuwa yuko juu: na Alhamisi ikifika, Tai, utalipaka chokaa?

Hageuki. Brashi inaendelea kutembea juu ya shavu lake.

"Alhamisi gani?"